Aliyeweka jina ndiye mdhamini

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapisha makala fupi yenye majina mawili juu yake. La kwanza lilikuwa E. B. Mpemba, la pili D. G. Osborne. Huyo wa pili alikuwa mhadhiri wa fizikia chuo kikuu, Dar es Salaam. Wa kwanza alikuwa kijana aliyekuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori pale Mweka, Moshi, asiye na shahada yoyote ya fizikia.

Kisa chao kinajulikana, ila watu wengi hukisimulia kwa ajili ya maji ya moto. Mimi leo nakitaka kwa ajili ya yale majina mawili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye friji. Siku moja nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombaniwa, akaona kwamba akisubiri maziwa yake yapoe atakosa pa kuyaweka. Akayaingiza yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake, aliyeyaingiza bila hata kuyachemsha, bado yalikuwa majimaji mazito. Akamuuliza mwalimu. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na safari hii mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake darasani wakaokota maneno hayo, wakawa wanamtania nayo.

Ndipo Osborne akaenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba akasimama akauliza lile lile: vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vikiingizwa kwenye friji, kwa nini kilichoanza na nyuzi 100 ndicho kinachotangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Hakuamini pia, lakini aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam akamkabidhi fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, na akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Maneno ya yule fundi yana nusu ya maadili ya utafiti ndani yake. Hakuwa tapeli. Alikuwa na jibu kichwani kabla ya jaribio, basi kila tokeo lililokataa jibu lile kwake lilikuwa kosa la kusahihishwa. Osborne aliyaandika maneno hayo ndani ya makala, msomaji wa jarida akayaona. Nusu ya pili iko kwenye mpangilio wa majina. Mhadhiri angeweza kabisa kuandika peke yake na kumshukuru kijana mmoja wa Iringa katika mstari wa mwisho. Hakuna ambaye angelalamika, na Mpemba mwenyewe huenda asingejua. Badala yake Mpemba alisimulia sehemu yake kwa kalamu yake mwenyewe, Osborne akaandika yake, na jina la kijana likatangulia.

Jambo lenyewe la maji bado linabishaniwa. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walichapisha vipimo vyao katika Scientific Reports wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Ubishi huo haumwondolei Mpemba heshima yake. Yeye na Osborne walieleza walichofanya na walichoona, wakaweka majina yao chini ya maelezo hayo, na miaka zaidi ya 40 baadaye mtu mwingine aliweza kuichukua kazi yao na kuipima upya. Hicho ndicho kinachoitwa kuchapisha.

Nimeanza na Magamba kwa sababu kwenye vyuo vyetu mazungumzo ya maadili ya uandishi wa kitaaluma yamesinyaa mno. Muulize mwanafunzi wa uzamili maadili ni nini, atakutajia Turnitin, ile programu ya kupima mfanano wa maandishi. Anajua chuo chake kinaruhusu asilimia ngapi ya mfanano, anajua namna ya kubadilisha maneno mpaka ile rangi nyekundu ipungue, anajua nani pale karibu na geti la chuo atamsaidia kuipunguza kwa malipo. Wizi wa maandishi ni kosa kubwa na sina nia ya kuupunguzia uzito. Lakini programu ya kompyuta inapima maneno yaliyofanana tu. Haijui kama dodoso zilijazwa kijijini au zilijazwa gesti. Haijui kama profesa ambaye jina lake liko la pili ameisoma kazi hiyo. Haijui kama dada aliyezunguka nyumba kwa nyumba miezi minane, akizungumza Kisukuma na kina mama ambao bila yeye wasingefungua mlango, ametajwa popote.

Maswali hayo matatu yana sheria zake, tena za siku nyingi. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, kupatana namna moja ya kupokea makala. Kutokana na kikao kile ikazaliwa kamati ya kimataifa ambayo miongozo yake leo inafuatwa na maelfu ya majarida, hata nje ya tiba. Kamati hiyo inasema mwandishi ni mtu aliyetimiza mambo manne, yote kwa pamoja. Awe amechangia kwa uzito kubuni utafiti, au kukusanya takwimu, au kuzichambua na kuzitafsiri. Awe ameshiriki kuiandika makala au kuihakiki kwa undani. Awe ameidhinisha nakala ya mwisho. La nne liliongezwa mwaka 2013, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote: awe amekubali kuwajibika kwa kazi nzima, kiasi kwamba swali lolote kuhusu usahihi wake likizuka, atahakikisha linachunguzwa na kujibiwa.

Kwa hiyo jina juu ya makala ni kama sahihi ya mdhamini kwenye fomu ya mkopo. Siku mkopaji akitoroka, benki haitauliza kama mdhamini alikuwa na haraka siku anatia sahihi, wala kama alifanya hivyo kwa sababu ya undugu.

Na undugu huo kwetu upo, una jina zuri, unaitwa heshima. Mwanafunzi amemaliza kuandika, anamwendea mkuu wa idara: Prof, nimekuweka na wewe. Prof anashukuru. Pengine hakuwahi kukutana na takwimu hizo hata kwa dakika moja, lakini idara ni yake, gari la utafiti alilitia sahihi yeye, na mwakani ndiye atakayekaa kwenye kamati ya kumpandisha kijana cheo. Mara nyingine hali inageuka: Prof mwenyewe anadai awekwe, na awekwe wa kwanza, na mwanafunzi anayetegemea sahihi yake ili ahitimu hana ubavu wa kukataa. Kuna na lile la wahadhiri kubadilishana, niweke kwenye yako nikuweke kwenye yangu, ili wote wawili wafikishe idadi ya machapisho inayotakiwa na kamati. Sioni ubaya wa kumheshimu mwalimu. Naona ubaya wa kumdhaminisha kwenye kitu asichokijua, kisha kukiita heshima.

Gharama yake dunia nzima iliiona mwaka 2020, katika miezi ile ya kwanza ya korona. Tarehe 22 Mei jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kuchunguza wagonjwa 96,032 katika hospitali 671 za mabara sita. Ilisema kwamba waliopewa klorokwini au haidroksiklorokwini walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa. Waandishi walikuwa wanne, na wa kwanza alikuwa Mandeep Mehra, daktari bingwa wa moyo wa Boston mwenye jina kubwa. Takwimu zote zilitoka kwa kampuni moja ndogo ya Marekani, Surgisphere, ambayo mwanzilishi wake, Sapan Desai, alikuwa mmoja wa waandishi hao wanne. Siku tatu baada ya makala kutoka, Shirika la Afya Duniani likatangaza kusimamisha kwa muda sehemu ya haidroksiklorokwini katika jaribio lake kubwa la kimataifa.

Wakati huohuo watafiti sehemu mbalimbali walikuwa wameanza kuhesabu. Idadi ya vifo vilivyotajwa kwa Australia ilizidi idadi ya vifo ambavyo Australia yenyewe ilikuwa imevitangaza kufikia tarehe hiyo. Halafu wakaangalia Afrika. Barua ya wazi iliyotiwa sahihi na watafiti zaidi ya 100 ilionyesha kwamba kama takwimu zile zingekuwa za kweli, karibu asilimia 25 ya wagonjwa wote wa korona barani Afrika, na asilimia 40 ya vifo vyote, vingekuwa vimetokea katika hospitali zenye mkataba na Surgisphere, zenye mitambo ya kisasa ya kutunza kumbukumbu za kila mgonjwa kwa kompyuta.

Hapo pasome tena taratibu. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye dirisha la mapokezi la hospitali ya wilaya, akisubiri jalada lake la karatasi litafutwe kabatini, angejua papo hapo kwamba haiwezekani. Muuguzi yeyote wa Morogoro au Kakamega angeiona kasoro hiyo kabla hajamaliza chai. Lakini kati ya wale wanne hapakuwa na mtu wa kuiona, na mbaya zaidi, watatu kati yao hawakuwa wamezishika takwimu zenyewe. Waliletewa matokeo, wakayaandikia, wakatia majina. Wachunguzi huru walipoomba kuziona, Surgisphere ikakataa kuzitoa. Tarehe 4 Juni watatu hao wakaifuta makala yao, siku 13 tu baada ya kuchapishwa. Siku hiyohiyo makala nyingine iliyojengwa juu ya takwimu za kampuni hiyo ikafutwa katika New England Journal of Medicine. Majarida mawili yenye heshima kubwa kuliko karibu yote katika tiba yalianguka kwa siku moja.

Dawa yenyewe ilikuja kuonekana haiwasaidii wagonjwa waliolazwa kwa korona, na hilo lilijulikana kwa majaribio makini yaliyofanywa hospitalini. Lakini kupata jibu sahihi kwa njia nyingine hakuwasafishi wale wanne. Msomaji aliyeamini jina la Mehra aliamini kwamba Mehra ameona, na Mehra hakuwa ameona. Alichotoa ni jina lake. Sijui tofauti yake na yule mkuu wa idara aliyeambiwa nimekuweka na wewe, zaidi ya umbali wa kutoka Boston hadi hapa.

Kisa cha Andrew Wakefield ni cha zamani zaidi na kimesemwa sana, kwa hiyo nakipitia haraka. Februari 1998, katika The Lancet hiyohiyo, yeye na wenzake 12 waliandika juu ya watoto 12 na kuacha ulimwengu ukiamini kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huenda inahusiana na usonji. Mwandishi wa habari Brian Deer alipochimba, ilionekana kwamba Wakefield alikuwa akilipwa kupitia wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo hiyo, na hakuwa ameueleza mgongano huo wa maslahi. Mwaka 2004 wenzake 10 waliondoa hadharani mikono yao kwenye tafsiri ile ya chanjo. Makala ilifutwa yote mwaka 2010, miaka 12 baada ya kutoka, na Wakefield akafutwa kwenye rejista ya madaktari wa Uingereza mwaka huohuo. Wale 10 walifanya jambo la haki, ila walilifanya miaka sita baadaye, wakati hofu ilishazagaa majumbani.

Hadi hapa nimesema juu ya majina yaliyoongezwa pasipostahili. Kuna upande wa pili, na sisi wa upande huu wa dunia tunaujua vizuri zaidi: majina yaliyoachwa.

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati ule. Daktari Jean-Jacques Muyembe alitumwa kutoka Kinshasa. Aliwachoma sindano wagonjwa kutoa damu bila glavu, na damu ikawa inaendelea kutoka pale sindano ilipochomoka, ikamchafua vidole. Alimsafirisha mtawa mmoja wa Ubelgiji hadi Kinshasa, na sampuli za damu yake zikapelekwa Antwerp. Huko, na katika maabara za Uingereza na Marekani, virusi vikaonekana. Machi 1977 The Lancet ikachapisha makala tatu za kukitangaza kirusi hicho kipya, ambacho sasa dunia inakiita Ebola. Muyembe hamo katika waandishi wa makala hizo. Kwa miaka mingi hadithi ya kugunduliwa kwa Ebola ilisimuliwa na vitabu na televisheni kama hadithi ya vijana wa maabara ya Ulaya waliofungua chupa ya chai iliyobeba damu. Aliyemfikisha mtawa yule Kinshasa hakuwa na jina.

Mtu anaweza kusema hayo ni manung'uniko ya sifa, na kwamba mgonjwa hapungukiwi kitu jina la daktari likiachwa. Mwenye wazo hilo aitazame Liberia. Mwaka 1982 watafiti kutoka Ujerumani walichapisha, katika jarida la Ufaransa, matokeo ya kupima damu za watu wa Liberia. Waliona dalili za kinga dhidi ya Ebola, na wakaandika wazi kwamba Liberia inafaa kuhesabiwa ndani ya eneo la ugonjwa huo. Hapakuwa na Mliberia hata mmoja kati ya waandishi. Mwaka 2014 Ebola ilipoingia, iliwakuta viongozi wa afya wa nchi hiyo wakiamini kwamba haijawahi kufika kwao. Aprili 2015 Bernice Dahn, aliyekuwa akiongoza huduma za tiba katika wizara ya afya ya Liberia, pamoja na wenzake wawili, waliandika katika The New York Times kwamba onyo lilikuwepo na hakuna aliyewapa. Walieleza pia kwamba kuipakua mojawapo ya makala za aina hiyo kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki. Walioshapoteza maisha nchini humo walikuwa zaidi ya 4,000.

Laiti mwaka 1982 angekuwepo mtaalamu mmoja wa Monrovia kwenye orodha ya waandishi, nakala ingekuwa kwenye droo yake. Angefundisha wanafunzi wake. Angekumbuka. Jina la mtu wa mahali pale lingeweka maarifa mahali pale. Kwa hiyo swali la nani ametajwa linagusa uhai wa watu, si fahari ya msomi peke yake.

Muyembe, kwa upande wake, hakunyamaza wala hakususa. Alibaki Kinshasa, akajenga taasisi ya utafiti wa tiba, akafundisha. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa Kivu na Ituri, jaribio la dawa nne lilifanyika ndani ya Congo, ile Zaire ya zamani, na matokeo yake yalipochapishwa mwishoni mwa 2019 katika New England Journal of Medicine, jina la kwanza lilikuwa la Mkongomani, Sabue Mulangu. Mojawapo ya dawa mbili zilizoshinda ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995, na Muyembe alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Mwaka 2019 pia alitangaza kwamba sampuli za damu za Congo zitabaki Congo, na wageni wanaotaka kuzifanyia utafiti wazifuate huko.

Sasa niirudie ile miongozo ya Vancouver, maana ina kifungu ambacho watafiti wengi wa kwetu hawakijui na wageni wengine hujifanya hawakijui. Mara kwa mara mtafiti msaidizi aliyekusanya takwimu huambiwa: hukuandika, hukuidhinisha nakala ya mwisho, kwa hiyo kwa mujibu wa vigezo wewe si mwandishi, tutakutaja kwenye shukrani. Miongozo yenyewe inakataza hila hiyo. Inasema vigezo visitumiwe kumwengua mtu aliyestahili kwa kumnyima nafasi ya kutimiza kigezo cha kuandika au cha kuidhinisha. Kwa maneno mengine, kila aliyetimiza kigezo cha kwanza ana haki ya kupewa rasimu aisome, aihakiki na aikubali au aikatae. Kama rasimu haikutumwa kwake, kosa ni la asiyeituma.

Kuanzia 2018 The Lancet Global Health imesema wazi kwamba haifurahii makala za wageni wanaoshuka kwa parachuti, wanachota takwimu na kuondoka. Mwaka 2022 wataalamu wa uadilifu wa utafiti walikutana Cape Town na tamko lao limeweka jambo hili la usawa katikati kabisa ya maadili. Hizo ni hatua nzuri. Ila kuna wajanja walioshapata njia ya kuzikwepa: wanamtafuta Mtanzania au Mkenya mmoja, wanamweka katikati ya orodha ya watu 20, mhariri anaridhika. Huyo naye ni jina la zawadi. Akikubali bila kusoma, amejipeleka mwenyewe kwenye shimo la Surgisphere.

Nigusie na majarida ya kitapeli, yale yanayokuandikia barua pepe usiku wa manane yakikuita Mheshimiwa Profesa na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano ukilipa. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alitunga makala ya uongo yenye makosa ambayo mwanafunzi wa sekondari aliyefuzu kemia angeyaona, akaipeleka kwa majarida 304 ya mtandaoni. Majarida 157 yaliikubali. Alitumia majina ya kubuni ya watafiti wa Kiafrika kutoka vyuo visivyokuwepo, akiwemo mmoja wa taasisi ya kubuni ya Asmara. Jaribio lile lilifichua uozo mkubwa na lilihitajika. Lakini tangu nilisome sijalipenda lile chaguo la majina. Inaniuma kwamba mtu alipotaka mtafiti asiyejulikana na chuo kisichotafutwa, mawazo yake yalikimbilia kwetu. Na inaniuma zaidi kwamba tunaendelea kumpa sababu, kila mara kamati ya kupandisha vyeo inapohesabu idadi ya makala bila kufungua hata moja.

Akili mnemba imekuja juu ya hayo yote. Mwanzoni mwa 2024 jarida moja la kampuni kubwa ya Elsevier lilichapisha makala ambayo sentensi ya kwanza ya utangulizi wake ilikuwa ni jibu la mashine kwa aliyeiomba imwandikie: bila shaka, huu hapa ni utangulizi unaoweza kutumika kwa mada yako. Sentensi hiyo ilipita mbele ya waandishi wote, wapitiaji, mhariri na msahihishaji wa prufu. Kila mmoja alikuwa na kazi ya kuisoma. Kamati ile ya wahariri wa tiba ilishaamua mwaka 2023 kwamba mashine haiwezi kuwa mwandishi, kwa sababu haiwezi kuwajibika, na anayeitumia aseme ameitumia wapi. Naikubali hoja hiyo bila kusita. Mashine haitaitwa kwenye kikao cha uchunguzi. Wewe utaitwa.

Na si mashine tu inayoandika kwa niaba ya mwingine. Wapo vijana wetu wengi, Nairobi hasa, ambao kwa miaka wameandika insha na hata tasnifu za wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo, na shahada zikaenda kwa majina mengine. Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, amewafuatilia, na filamu ya mwaka 2024 imeonyesha kazi yake. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuyapiga marufuku makampuni ya biashara hiyo. Ninachokiona mimi ni kwamba uwezo wa kuandika kwa kiwango cha vyuo vya huko upo, umekaa kwenye vyumba vya kupanga vya Nairobi. Kilichokosekana ni njia ya kuutia jina lake.

Basi nina ombi kwa mabaraza ya vyuo vyetu na kwa kamati zinazotoa vibali vya utafiti. Tayari mtafiti hapati kibali bila fomu ya ridhaa ya washiriki, bajeti na barua ya mkuu wa chuo. Ongezeni karatasi moja: makubaliano ya uandishi, yaliyotiwa sahihi na kila mhusika kabla ya dodoso la kwanza kutoka nje ya ofisi, yakieleza nani atafanya nini, takwimu zitakaa wapi, nani ana haki ya kuzifungua, na rasimu itatumwa kwa nani. Makubaliano hayo yaweza kubadilika kazi ikibadilika, mradi wote watie sahihi upya. Kamati za kupandisha vyeo nazo zimwite mwombaji na makala zake tatu tu anazojivunia, zimuulize takwimu zilipatikanaje. Ambaye jina lake liko pale kwa haki atajibu kwa furaha hata kwa saa nzima.

Nawe kijana uliye mwaka wako wa kwanza wa uzamivu, ukiambiwa uweke jina la mtu ambaye hajafanya kazi, mpe rasimu kwanza, kwa adabu, na umwombe maoni yake kwa maandishi. Akikuletea maoni yenye uzito, huenda ameanza safari ya kustahili. Asipokuletea, una ushahidi. Na siku wewe mwenyewe utakapoambiwa nimekuweka na wewe, omba kwanza uone takwimu.